Seli Nyeupe na Vikombe vya Mwalimu Esta

Vijana wa maabara, mmenisumbua tangu mliponikatia ile keki ya kuniaga. Ati niandike. Nyinyi mna mashine inayohesabu damu na kutoa majibu kabla mtu hajamaliza kuvaa glavu, sasa mnataka kujua sisi tulikuwa tunafanyaje. Tulikuwa tunatazama. Haya, nimeandika. Mambo ya vyeo na mishahara sitayagusa, maana waliopandishwa vyeo bado wako hai na wengine ni majirani zangu.

Mimi natoka Chepilat, mpakani na Wakipsigis, ule upande wa soko wenye Wakisii. Siku niliyoripoti kazini katika hospitali hii ya mashamba ya chai mvua ilikuwa inanyesha, jambo ambalo halina haja ya kuandikwa, kwa sababu huku mvua nayo huripoti kazini kila alasiri na haijawahi kuomba likizo. Nilikuwa na cheti kipya, viatu vipya, na koti jeupe ambalo mama alikuwa amelipiga pasi mpaka linaweza kusimama lenyewe. Mkuu wa maabara, Mzee Kirui, alinitazama juu mpaka chini akaniuliza kama najua kupika chai. Nikamwambia nimesomea maabara. Akasema hakuuliza nimesomea nini.

Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha linalotazama chai, darubini mbili, moja ikiwa nzima, na soketi moja. Hiyo soketi muikumbuke. Zilikuwepo nyingine mbili ukutani, lakini fundi alikuja kuzitengeneza kabla sijaajiriwa, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kuzigusa. Ile moja ilikuwa na kazi mbili. Kazi ya kwanza ilikuwa feni ya kukaushia vioo vya damu. Kazi ya pili, ambayo ilikuwa ya kwanza kwa heshima, ilikuwa birika.

Mzee Kirui alinifundisha kutandaza damu juu ya kioo. Tone dogo, kioo cha pili unakiinamisha, unasukuma mara moja bila kusita. Ukisita damu inaonyesha ulisita. Halafu lazima ikauke haraka, maana damu ikikawia kukauka, seli nyeupe huvimba, hutoboka toboka, na mtu mzima wa afya yake anaonekana kama amebakisha wiki. Kwingine kioo hukauka chenyewe. Kwetu, hewani mna maji kiasi kwamba chumvi haitoki kwenye kopo, kwa hivyo bila feni hakuna kitu. Mzee alikuwa mpole kwa wagonjwa na mkali kwa vioo. Ukimletea kilichotandazwa vibaya alikuwa hasemi neno, anakitumbukiza kwenye ndoo, anakurudisha kwa mgonjwa ukamwombe damu nyingine. Ukisharudi kwa mama aliyekwisha kukutukana mara ya kwanza, mkono wako unanyooka wenyewe.

Lakini saa nne ilikuwa saa nne. Utawala ulikuwa umetangaza kwamba chai ya wafanyakazi isicheleweshwe, na kwa vile jiko la hospitali lilikuwa mbali, na maabara iko katikati, birika la wodi zote lilichemka kwetu. Feni ilichomolewa, birika likachomekwa. Na hiyo chai, nawaambieni ukweli, ilikuwa vumbi. Majani mazuri yalipandishwa lori yakaenda kunywewa na watu ambao hawajui hata Kericho iko wapi. Sisi tulioishi katikati ya chai mpaka ikatuingilia dirishani tulibakishiwa yale yanayofagiwa, na bado tulipigana juu yake.

Nilikuwa nimeshazoea mambo haya yote, miaka ya tisini hiyo, alipoletwa Chelang'at.

Alikuwa karani wa kupima majani katika kituo kimoja cha chai kule Kimulot, msichana mrefu, wa kusema kidogo. Mama yake, Mwalimu Esta, alikuwa amefundisha sayansi kimu nusu ya wanawake wa eneo lile, na alijulikana kwa vikombe. Mwenyewe alikulia katika nyumba ya watoto wengi na kikombe kimoja cha bati, akaapa kwamba akipata nyumba yake hakuna mdomo utakaofuata mdomo mwingine. Kwake kila mtu alikuwa na kikombe chenye jina lake kwa rangi nyekundu. Hata wageni walikuwa na vyao, vimeandikwa Mgeni. Watu walimcheka chini chini, lakini wakitoka hapo walienda kuosha vyao upya.

Chelang'at alikuwa amechumbiwa na Weldon, mwalimu wa kwaya ya kanisa lao. Wazee wa Weldon walikuwa wameshakuja mara moja kwa ajili ya koito, yale mazungumzo ya posa, wakanywa, wakaondoka wameridhika. Imebaki kurudi kumaliza. Katikati ya hapo msichana akashikwa na homa, koo likafunga, tezi za shingoni zikavimba kama mtu aliyemeza viazi, na akawa hawezi kusimama kwenye mizani.

Tulitandaza damu yake, feni ikiwa imechomekwa, nataka hilo lieleweke. Seli nyeupe zilikuwa nyingi, kubwa, za ajabu, zingine zimetanua ukingo wake wa bluu na kukumbatia seli nyekundu za jirani. Mzee Kirui alitazama, akanipa nafasi nitazame, akatazama tena. Daktari Wafula, kijana aliyekuwa ametumwa kwetu mwaka huo, naye akatazama mpaka miwani ikaacha alama puani. Wote wawili wakasema kitu kimoja: hizi zinaweza kuwa leukemia, yaani saratani ya damu, na zinaweza kuwa seli za kawaida zilizochokozwa na virusi. Kwa macho peke yake hatuwezi kuapa.

Mganga mkuu wetu hakuwa na shida hiyo. Aliingia akiwa na haraka ya kwenda mkutanoni, akainamia darubini bila kuketi, akasema leukemia, akatoka. Nilikuwa nimefanya naye kazi vya kutosha kujua kwamba kilichompendeza si ugonjwa wenyewe, bali kuwa na neno. Kabla gari lake halijafika geti, neno lilikuwa limefika Kimulot.

Haki, mtu asikwambie habari mbaya hazina miguu. Wakaja shangazi na mablanketi. Wakaja watu wa maombi, wakajipanga kwa zamu. Kwaya ya Weldon ikaanza kufanya mazoezi ya nyimbo ambazo mtu hapaswi kuzisikia akiwa bado anapumua, na kwa vile kanisa liko ng'ambo ya uzio wa hospitali, alizisikia zote. Kuna wale waliosema kwa sauti ya chini kwamba damu ni ukimwi tu, daktari anaficha. Daktari alikuwa ameshapima hilo, halipo, lakini siku hizo ukisema halipo watu walitikisa kichwa kwa huruma zaidi.

Halafu akaja Mzee arap Sang, msemaji wa upande wa Weldon. Alivua kofia, akatusalimia mmoja mmoja, akauliza kwa adabu sana kama ugonjwa huu wa damu ni wa huyu msichana ama ni wa ukoo. Msinicheke. Kwa Wakipsigis kabla ya koito kumalizika watu huchimba ukoo wa mwenzao mpaka mizizi, wajue kuna ugonjwa gani unaorithiwa, na mzee aliyekosa kuuliza atalaumiwa na wajukuu. Mzee Kirui alimjibu kwamba hatujui hata kama ugonjwa upo. Arap Sang akasema atangoja, lakini alikwisha kuambiwa na wenzake kwamba jibu likiwa baya, hawatarudi.

Nilienda kumtoa Chelang'at damu nyingine asubuhi iliyofuata. Alinyoosha mkono bila kuombwa. Akaniuliza, akitazama dari, "Madam, wakinirudisha nyumbani, nitarudi kama mgonjwa ama kama mtu amekataliwa?"

Nilimwambia akunje kiwiko, nikatoka nikiwa nimekasirika, na sikujua nimkasirikie nani, kwa hivyo nikamkasirikia mtu wa kupiga deki.

Kulikuwa na haraka nyingine pia. Mganga mkuu alitaka msichana aanzishiwe dawa kali mara moja. Daktari Wafula alimwomba asubiri. Alisema dawa hizo zikiingia zitavuruga seli, hatutajua tena zilikuwa nini, na kama ni virusi tutakuwa tumemuumiza bure. Kama kweli ni leukemia nayo, kila siku ya kungoja ni hasara. Mganga mkuu alimpa mpaka mwisho wa juma, akaongeza kwamba msichana akifa jina litakaloandikwa ni la Wafula.

Ndipo likaja jambo la alama. Nyinyi mnalijua kwa mashine, hebu niwaambie tulivyolielewa sisi. Asubuhi ya ukungu, wachuma chai wote wamevaa mapeto ya plastiki, huwezi kujua nani ni nani. Unamjua mtu kwa beji yake. Seli nyeupe nazo ziko hivyo: ngozi yake ina vitu vidogo, na vitu hivyo wataalamu wamevipa namba. CD3 ni ya seli za T. CD8 ni ya wale T ambao ni askari, wanaotumwa kuua seli zilizoingiliwa na virusi. CD19 ni ya seli za B. CD10 na CD34 mara nyingi utazikuta kwa seli changa, ambazo hazifai kuonekana barabarani, na kuna nyingine iitwayo TdT inayokaa ndani kabisa ya seli changa kama cheti cha kuzaliwa. Unachukua kingamwili inayoshika alama moja tu, unaimwaga juu ya kioo, unaweka rangi. Seli yenye alama hiyo inageuka nyekundu. Leukemia ya aina tuliyoiogopa ingekuwa umati wa vijana wasiokomaa, wote nakala ya mmoja. Virusi vingekuwa umati wa askari waliokomaa, wenye hasira.

Maabara kubwa Nairobi walikuwa na hizo kingamwili. Walitaka vioo vilivyokauka vizuri, vifungwe kwa karatasi ya foili, viwekwe kwenye chombo cha barafu, visikutane na unyevu wala mvuke wa formalini, ile dawa ya kuhifadhia nyama za vipimo. Tukatandaza, tukapanga mbele ya feni, Mzee Kirui akaitwa wodini, nami nikaitwa kutoa damu. Ikagonga saa nne.

Mliikumbuka soketi?

Mtu wa chai alikuja, akafanya alivyofanya kila siku ya maisha yake. Akachomoa feni, akachomeka birika, na kwa kuwa ni mstaarabu akavisogeza vioo kando ili visimwagikiwe, akaviweka pale pale mdomo wa birika unapopumulia. Aliporudi Mzee Kirui vioo vilikuwa vinang'aa kama kipara cha mtu anayekula ugali wa moto. Tulivikausha tena, tukavituma kwa kuomba Mungu, na Mungu akatujibu kupitia Nairobi kwamba seli zimevimba, hazisomeki, tutume nyingine.

Siku moja ya Wafula ilikuwa imeliwa na chai ya vumbi.

Hapo ndipo nilipomwona Mzee Kirui akikasirika, mara moja tu katika miaka yote. Hakupiga kelele. Alichukua birika, akalitia kabatini pamoja na asidi, akafunga, akatia ufunguo soksini. Akatangaza kwamba leo hospitali hii haitakunywa chai. Mngedhani ametangaza vita. Matroni alikuja mwenyewe. Karani wa mapokezi alisema kichwa kinamuuma na ataandika kwamba amejeruhiwa kazini. Wodi ya wanaume, wagonjwa ambao chai haikuwa hata yao, waligoma kumeza vidonge. Mzee alisimama mlangoni, mikono nyuma, akawaambia wote sentensi moja, ati feni ina mgonjwa. Vioo vipya tulivyotandaza vikakauka mpaka ukivigonga vinalia.

Tukavituma pamoja na chupa ya damu, ili huko wapime pia kinga ya virusi vyenyewe. Kile kipimo chetu cha haraka cha homa ya tezi, ugonjwa wa virusi tulioushuku, kilikuwa kimeisha muda wake zamani, tulikuwa tunakitumia kuzuia mlango.

Jibu lilikuja kwa simu, ile siku ya mwisho ya ahadi. Hospitali ilikuwa na simu moja, ofisini kwa mganga mkuu, na laini yake ilikuwa ya namna ambayo Nairobi wasingekusikia mpaka Litein, mji wa jirani, wakusikie. Nje ya dirisha hilo kulikuwa na benchi. Siku hiyo kwenye benchi ameketi Chelang'at, amefungwa blanketi, ametolewa nje apate jua. Pembeni yake Mwalimu Esta na kikapu chake: chupa ya chai, na kikombe kilichoandikwa Chelang'at kwa rangi nyekundu. Kikombe cha mama mwenyewe kilikuwa kimevunjika wodini jana yake, na kwa msimamo wake alikuwa hajanywa kitu tangu hapo. Upande wa pili Mzee arap Sang na wenzake. Weldon amesimama kwenye nguzo. Mimi na Mzee Kirui tulikuwa mlangoni.

Daktari Wafula alirudia kila neno kwa nguvu zake zote, kama laini ilivyomlazimu. Akarudia kwamba karibu zote ni T. Akarudia kwamba zina CD8. Akarudia kwamba zimekomaa, hakuna CD10, hakuna CD34, hakuna TdT, na kinga ya virusi imeonekana. Akarudia, na sauti ikampasuka, kwamba si leukemia.

Mwalimu Esta alijifunika uso kwa leso. Mzee Kirui alinishika bega, na yeye si mtu wa kushika watu. Nililia, bwana, na sioni haya kuandika. Nilikuwa nimebeba lile swali la kiwiko kwa juma zima.

Kama simu ingekatika hapo, kama ilivyokatika siku zote tulipoihitaji, mambo yangeishia vizuri. Ilikataa kukatika. Mtu wa Nairobi alikuwa na moyo wa kufundisha. Daktari akaendelea kurudia: kwamba kwetu watu wengi huvipata virusi hivi utotoni bila kujua, kwamba aliyelelewa kwa usafi sana huchelewa kukutana navyo na ndipo vinamwangusha ukubwani. Mwalimu Esta akashusha leso. Kwamba vinaenea kwa mate. Ndiyo, mate. Kwamba Ulaya wanauita ugonjwa wa kubusiana.

Weldon akaanza kuchunguza mabati ya paa. Na hapo nikakumbuka, na nadhani kila mtu alikumbuka, kwamba mwalimu wa kwaya alikuwa amekosa kuimba kwa wiki kadhaa mwezi uliopita kwa sababu ya koo.

Nyinyi wa leo mnacheka. Katika kanisa lile, msichana aliyebusiwa kabla ya harusi angesimamishwa mbele ya watu, atengwe na meza ya Bwana, na posa ife palepale. Mvulana angepumzishwa kwaya kidogo, wamwombee. Saratani ya damu ilikuwa imemletea Chelang'at mablanketi na maombi. Mate yasingemletea hata salamu. Alikuwa amepona dakika ileile alipoanza kupotea, na alijua, maana aliinamisha kichwa kama siku niliyomtoa damu.

Daktari alitoka anatabasamu, akatuona, tabasamu likafa. Mzee arap Sang alivua kofia. Aliuliza polepole hiyo mate inaingiaje kwa mtu. Wafula, jasho linamtoka, akasema yanaweza kupita hata kwa kikombe, watu wawili wakitumia kimoja. Hakudanganya, yanaweza. Niliona wazee wakishusha pumzi, wanataka kuamini, kwa sababu walikuwa watu wazuri na walimpenda msichana. Lakini arap Sang alikuwa mkweli, hilo ndilo tatizo lake.

"Daktari," akasema, "kwa Mwalimu hakuna kikombe ya watu wawili. Hata mimi nilipewa yangu. Imeandikwa Mgeni."

Ng'ambo ya uzio mtu alikuwa anajaribu kinanda.

Mwalimu Esta akasimama. Mwanamke huyu alikuwa amejenga jina lake kwa vikombe kwa maisha yake yote, amechekwa kwa ajili yake, amefundisha madarasa na madarasa. Alinyoosha sketi.

"Siku ile ya koito vikombe havikutosha," akasema. "Mimi mwenyewe niliwapa kimoja, wao wawili."

Arap Sang alimtazama. "Mwalimu, hata wewe?"

"Hata mimi."

Akafungua chupa, akamimina chai katika kile kikombe kimoja, mbele ya wazee, mbele ya msichana mwenye tezi zilizovimba. Wafula akafungua mdomo akataze. Nikamkanyaga mguu, na vile viatu havikuwa tena vipya lakini vilikuwa vizito. Mwalimu akanywa, akameza, akampa mwanawe. Chelang'at akakipokea kwa mikono miwili, akakigeuza mpaka pale mama yake alipoweka mdomo, akanywa hapo hapo, machozi yakidondokea ndani.

Mzee arap Sang alivaa kofia yake. Kisha akanyoosha mkono apewe kikombe.